Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuelekeza Masoko Kwenye Safari ya Mteja Badala ya Mbinu Mojamoja

Maswali haya huulizwa na wasimamizi wa masoko, wamiliki wa biashara na watu wa mauzo wanapoanza kutilia shaka namna wanavyogawa bajeti zao. Majibu yana msimamo, na ni vyema msomaji aujue mapema: mbinu yoyote ya masoko ina thamani kwa kadiri inavyomsaidia mteja kupiga hatua inayofuata, na wateja wengi hupotelea katika nafasi zilizo kati ya mbinu na mbinu, ambako mara nyingi hakuna mtu aliyepewa jukumu la kuangalia.

Safari ya mteja ni nini hasa?

Ni mfululizo wa mambo anayoyapitia mtu tangu anapohisi kwamba ana tatizo au haja fulani, akatafuta maelezo, akalinganisha, akanunua, akatumia, akahitaji msaada, hadi anapoamua kununua tena, kuwashauri wengine au kuondoka. Neno la kuzingatia hapa ni «anayoyapitia». Kampuni nyingi huandika safari hiyo kwa kufuata mambo yanayofanywa na kampuni yenyewe: tumetangaza, tumepiga simu, tumetuma ankara, tumefunga mauzo. Hiyo ni ratiba ya kazi za ofisi. Mtu anayetafuta mashine ya kufulia hajui kama yuko katika hatua ya «kufunga mauzo». Anachojua ni kwamba ya zamani imeharibika, nguo zinarundikana, na anaogopa kununua nyingine itakayomfia mikononi baada ya mwaka mmoja. Safari yake ilianza siku ile mashine ilipogoma, kabla hajaona tangazo lolote.

Ikiwa kila mbinu inaleta matokeo mazuri, kosa liko wapi?

Kosa liko katika maana ya «matokeo». Anayesimamia mitandao ya kijamii huhesabu wafuasi, anayesimamia matangazo ya kulipia huhesabu mibofyo, anayetuma baruapepe huhesabu zilizofunguliwa, na kila mmoja huleta ripoti nzuri mwishoni mwa mwezi. Mauzo yanaweza kubaki palepale huku ripoti zote zikipendeza, kwa sababu hakuna ripoti hata moja inayomfuata mtu yuleyule kutoka hatua moja hadi nyingine.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Watu 10,000 wanatembelea tovuti ya kampuni kwa mwezi, 600 kati yao wanatuma ujumbe wa kuuliza bei au upatikanaji, na kwa kuwa ujumbe hujibiwa baada ya siku mbili, ni 60 tu wanaonunua. Kampuni ikiongeza bajeti ya matangazo maradufu, na ikibahatika kupata wageni 20,000 wenye hamu ileile, itauza mara 120. Kwa kweli hata hizo 120 ni za matumaini, maana kadiri tangazo linavyosambazwa kwa watu wengi zaidi ndivyo linavyowafikia wenye haja ndogo zaidi. Lakini kama kampuni hiyo ingeacha matangazo yalivyo, ikampa mtu mmoja kazi ya kujibu ndani ya saa moja, na robo ya waulizaji wakanunua, ingeuza mara 150. Pengo lilikuwa kwenye majibu, na hakuna tangazo linaloweza kuliziba.

Husemwa kwamba biashara ni matangazo. Je, mtazamo huu unapinga usemi huo?

Haupingi. Bidhaa isiyojulikana hainunuliwi, na kampuni inayoacha kujitangaza kwa kuogopa gharama hujikuta imesahaulika. Tena kuna usemi mwingine unaovuta upande wa pili, «kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza», nao una wafuasi wake, hasa miongoni mwa mafundi na watengenezaji wanaoamini kwamba ubora peke yake unatosha. Kila usemi umeshika sehemu moja ya safari. Tangazo linamfanya mtu akujue na akukumbuke siku haja inapomjia, ilhali ubora wa bidhaa unamfanya arudi na awaambie wenzake. Katikati kuna eneo pana la maswali, mashaka, ulinganisho, malipo na usubirifu, na huko ndiko fedha nyingi hupotea bila kelele.

Hii si faneli ileile ya mauzo iliyobadilishwa jina?

Zina undugu, lakini hazilingani. Wazo la kumpitisha mnunuzi katika hatua linahusishwa na Mmarekani E. St. Elmo Lewis, mtu wa matangazo wa mwishoni mwa karne ya 19, na hatua zake zilikuja kujulikana kwa mpangilio huu: kuvuta usikivu, kuamsha hamu ya kujua, kuzaa tamaa, kisha kusukuma kwenye kitendo. Faneli iliyotokana na wazo hilo ina mdomo mpana juu na shingo nyembamba chini, na kazi ya muuzaji ni kumimina watu wengi juu ili wachache watoke chini.

Mwaka 2009 kampuni ya ushauri ya McKinsey ilichapisha uchambuzi uliosema kwamba wanunuzi hawapungui kwa mstari ulionyooka namna hiyo. Mtu huanza na majina machache ya bidhaa kichwani, na anapotafuta maelezo anaweza kuongeza mengine ambayo hakuyafikiria mwanzoni. Baada ya kununua, uzoefu wake wa kutumia ndio unaoamua kama safari nyingine ya kutafuta itahitajika. Mchoro wao ulikuwa wa mzunguko. Kwa maoni yangu, umbo la mchoro halina uzito mkubwa kama hili: faneli inaishia pale mteja anapolipa, wakati kwa mteja malipo ndiyo mwanzo wa kuishi na kitu alichonunua.

Tuanzie wapi?

Anzeni na watu walionunua hivi karibuni, wakati kumbukumbu zao bado zina uhai, na watu waliokaribia kununua wakaacha. Mazungumzo kumi au kumi na tano ya kina na watu wa aina moja huanza kuonyesha mambo yanayojirudia. Msiwaulize wanaionaje kampuni, kwa sababu watawajibu kwa adabu tu. Waulizeni walifanya nini: siku gani walianza kufikiria jambo hili, kitu gani kilitokea siku hiyo, walimuuliza nani kwanza, waliandika maneno gani walipotafuta kwenye intaneti, ni kitu gani kilikaribia kuwafanya waache, na ni nani mwingine alipaswa kukubali kabla fedha hazijatoka. Swali la kitu kilichokaribia kuwafanya waache huzaa majibu yenye faida kuliko mengine yote, na ndilo ambalo wauzaji husita kuliuliza.

Sambamba na mazungumzo, someni kumbukumbu mlizonazo tayari: maswali yanayoingia kwa simu na kwa ujumbe, malalamiko, sababu zilizoandikwa watu waliporudisha bidhaa, maneno wanayoyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti yenu. Mtu anayeandika «jinsi ya kurudisha» amewaeleza hatua aliyopo bila kuulizwa. Wafanyakazi wa kitengo cha huduma kwa wateja kwa kawaida wanayajua haya yote kwa moyo, na inasikitisha kwamba katika kampuni nyingi hawajawahi kualikwa hata mara moja kwenye kikao cha kupanga kampeni.

Kisha fanyeni jambo la tatu, rahisi kulisema lakini lisilofanywa: nunueni bidhaa yenu wenyewe kama mgeni. Tumieni simu ya kawaida yenye intaneti ya kasi ndogo, jina ambalo halijulikani ofisini na njia ya malipo ambayo mteja angeitumia. Ulizeni swali na muone mtajibiwa lini. Ombeni kurudishiwa fedha. Mkurugenzi aliyekwama mwenyewe kwenye fomu ya malipo hahitaji kushawishiwa kwa slaidi.

Baada ya hapo ndipo mchore. Karatasi moja inatosha: hatua za mteja zikifuatana, na chini ya kila hatua anachotaka kujua, anachokiogopa, mahali anapokutana na kampuni, anayehusika kwa upande wenu, na namna mnavyojua kama amevuka. Pale ambapo safu ya «anayehusika» iko wazi, mmeshapata pengo la kwanza.

Tutajuaje hatua ya kurekebisha kwanza?

Tafuteni mahali ambapo watu wengi wenye nia ya kweli wanaachia njiani. Sifa ya nia ndiyo muhimu. Watu elfu wanaopita kwenye tangazo bila kusimama si hasara kubwa kama watu hamsini waliojaza kikapu cha manunuzi wakaondoka. Baymard, taasisi ya utafiti ya Denmark inayokusanya takwimu za tafiti mbalimbali kuhusu manunuzi ya mtandaoni, imekuwa ikionyesha kwa miaka mingi kwamba wastani wa takriban asilimia 70 ya vikapu huachwa bila kulipiwa. Sehemu ya hao walikuwa wanatazama tu. Kati ya wanaotoa sababu mahsusi, inayotajwa zaidi ni gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni, kama usafirishaji, kodi na ada.

Tazameni jambo hilo kwa macho ya safari. Mtu wa matangazo ameandika bei ya kuvutia kwa sababu anapimwa kwa mibofyo; mtu wa fedha ameweka ada ya usafirishaji kwenye ukurasa wa mwisho kwa sababu ndipo mfumo unapoikokotoa. Wote wawili wamefanya kazi yao. Mteja, anayeziona kurasa zote mbili ndani ya dakika tano, anahisi amedanganywa. Kuonyesha makadirio ya gharama yote mapema kunaweza kupunguza mibofyo na kuongeza mauzo, lakini uamuzi huo hautafikiwa kamwe na mtu anayelipwa kwa kuhesabu mibofyo.

Kanuni yangu ni kuanza karibu na malipo na kurudi nyuma. Kila mgeni mpya mtakayemleta baadaye atapita njia iliyokwisha kukarabatiwa, na fedha ya matangazo itazaa zaidi.

Tutapimaje masoko yanayofuata safari?

Kila hatua iwe na kipimo kimoja kinachoonyesha kwamba mteja amesogea, na kipimo hicho kisomwe pamoja na kile cha hatua inayofuata. Idadi ya wanaojisajili haina maana mpaka iwekwe kando ya idadi ya waliotumia huduma katika wiki ya kwanza. Muda nao ni kipimo kinachosahaulika: siku ngapi zinapita kati ya swali la kwanza na malipo, na saa ngapi kati ya lalamiko na ufumbuzi.

Jihadharini sana na mazoea ya kulipa sifa zote kwa kitu cha mwisho ambacho mteja alikibofya. Mtu anaweza kusikia habari zenu kwa rafiki, akasoma makala yenu, akatazama video ya maelezo, kisha baada ya wiki tatu akaandika jina la kampuni kwenye injini ya kutafutia na kubofya tangazo lililotokea juu. Mfumo utaandika kwamba tangazo la utafutaji ndilo lililouza. Mkikata makala na video kwa kuwa «hazileti mauzo», baada ya miezi michache watu wanaotafuta jina lenu watapungua, na hakuna atakayekumbuka sababu.

Ufuatiliaji wa mtu mmojammoja umezidi kuwa mgumu pia. Tangu Aprili 2021 Apple inazitaka programu za simu zake kuomba ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji kwenye programu na tovuti za kampuni nyingine, na wengi hukataa. Nadhani wanayo haki. Njia mbili za zamani bado zinafanya kazi: kumuuliza mteja mpya «ulitufahamu vipi?» kwa nafasi ya kuandika kwa maneno yake mwenyewe, na kufanya majaribio ya kweli, yaani kuendesha mbinu fulani katika maeneo kadhaa, kuiacha katika maeneo mengine yanayofanana nayo, kisha kulinganisha mauzo.

Vipi kuhusu lile swali la «utatupendekeza kwa rafiki, kutoka 0 hadi 10»?

Kipimo hicho kilitambulishwa mwaka 2003 na Fred Reichheld, mshauri wa biashara. Waliotoa 9 na 10 huhesabiwa kuwa wapendekezaji, waliotoa 0 hadi 6 huhesabiwa kuwa walalamikaji, na tofauti ya asilimia zao ndiyo alama ya kampuni. Kinafaa kuangalia mwelekeo wa muda mrefu. Hakisemi ni hatua gani ya safari imeharibika, kwa hiyo swali la kuandikia, «ni nini sababu kubwa ya alama uliyotoa?», lina thamani kuliko namba yenyewe. Wafanyakazi wakianza kuwabembeleza wateja watoe 10, kipimo kimekwisha kufa.

Nani anapaswa kusimamia safari nzima?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, kwa sababu jibu lake linagusa mamlaka. Mteja huiona kampuni kama kitu kimoja. Ndani, kampuni ni idara zenye bajeti, wakuu na malengo tofauti, na kila mpaka kati ya idara ni mahali ambapo mteja anaweza kudondoka: masoko yakimkabidhi kwa mauzo, mauzo yakimkabidhi kwa watekelezaji, watekelezaji wakimkabidhi kwa huduma. Kila makabidhiano humlazimisha aeleze upya habari zake, na kila mara anapoeleza upya imani yake hupungua.

Jan Carlzon, aliyeongoza shirika la ndege la SAS la nchi za Skandinavia kuanzia mwaka 1981, alilitazama jambo hili kwa hesabu ya wazi: abiria milioni 10 kwa mwaka, kila mmoja akikutana na wafanyakazi takriban watano, kwa wastani wa sekunde 15 kila mara. Makutano hayo milioni 50, alisema, ndiyo yanayoamua kama kampuni itasimama au itaanguka, na kwa hiyo mfanyakazi wa mstari wa mbele alipaswa kuwa na uwezo wa kuamua papo hapo bila kusubiri ruhusa ya juu. Naona somo hilo halijazeeka. Kuteua «meneja wa safari ya mteja» asiye na uwezo wa kubadilisha fomu ya malipo wala utaratibu wa marejesho ni kumpa mtu cheo na lawama. Ateuliwe mtu anayeaminiwa na uongozi, akutane na wakuu wa idara kila wiki au kila wiki mbili, na kikao kizungumzie hatua moja iliyochaguliwa pamoja na namba zake. Kipimo kimoja cha pamoja, kwa mfano idadi ya wateja wapya ambao bado wapo baada ya siku 90, kiingie katika tathmini ya wakuu wote, la sivyo kila mmoja atarudi kwenye namba zake.

Je, kazi ya masoko inaendelea baada ya mtu kununua?

Inaendelea. Siku za kwanza baada ya malipo ni wakati ambapo mnunuzi hujiuliza kama amekosea, na ukimya wa kampuni humpa jibu baya. Ujumbe unaosema oda imefika wapi, maelekezo mafupi ya matumizi, na namba ya kupiga akikwama hufanya kazi kubwa kuliko punguzo la bei kwa manunuzi yajayo.

Kumbukumbu ya mteja pia ina tabia zake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1993, mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwataka watu waweke mkono katika maji baridi sana kwa sekunde 60, na mara nyingine kwa sekunde 60 zilezile zikifuatwa na 30 zaidi ambazo maji yalipashwa kidogo. Walipoulizwa warudie lipi, wengi walichagua lile refu, kwa kuwa liliisha vizuri zaidi. Kampuni nyingi hufanya kinyume: hupokea kwa tabasamu na kuaga kwa usumbufu. Anayetaka kusitisha huduma hufichiwa kitufe, hupigiwa simu za kumshikilia, na hatimaye huondoka na hasira atakayoisimulia kwa miaka. Anayeachwa aondoke kwa heshima anaweza kurudi.

Mtazamo huu unafaa kwa kampuni zinazouzia kampuni nyingine?

Unafaa, na pengine zaidi. Tofauti kubwa ni kwamba safari ina watu kadhaa ndani yake. Programu ya uhasibu hutamaniwa na mhasibu, hukaguliwa na mtaalamu wa kompyuta, hulipiwa kwa idhini ya mkurugenzi wa fedha, na kila mmoja ana hofu yake. Mhasibu anaogopa kuhamisha kumbukumbu za miaka mingi. Mtaalamu wa kompyuta anaogopa usalama. Mkurugenzi anaogopa gharama isiyotabirika. Kitu kinachosaidia zaidi mara nyingi ni waraka mfupi ambao mhasibu anaweza kuupeleka kwa wakubwa wake na kujitetea nao, kwa kuwa sehemu kubwa ya mauzo hufanyika katika kikao ambacho muuzaji hayupo.

Sisi ni biashara ndogo ya watu wachache. Hatuna wataalamu wala programu za gharama. Je, tutaweza?

Mna nafasi nzuri kuliko kampuni kubwa, kwa kuwa anayetangaza, anayeuza na anayepokea malalamiko mara nyingi ni mtu yuleyule. Daftari la maswali yanayoulizwa, likisomwa kila mwisho wa wiki, linatosha kwa kuanzia.

Je, kuifahamu safari ya mteja kunahitaji kukusanya taarifa nyingi za watu?

Hapana. Kusanyeni kile tu ambacho mnaweza kueleza mbele ya mteja mwenyewe kwamba mnakihitaji kwa ajili gani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, inalitaka jambo hilohilo.

Mchoro wa safari ukishatengenezwa, unadumu kwa muda gani?

Unachakaa mapema kuliko wengi wanavyotarajia. Njia mpya ya malipo, mshindani mpya, mabadiliko ya namna watu wanavyotafuta maelezo, au hata toleo jipya la tovuti yenu linaweza kuufanya uwe picha ya mwaka jana. Kuna dalili moja ninayoiamini kuliko tarehe yoyote ya mapitio: mteja anapoeleza hatua aliyoipitia, nanyi mkaitafuta kwenye mchoro msiione. Hapo chukueni kalamu mrudi kuwauliza waliotangulia kununua mwezi huo kama nao walipita njia hiyo.